Joto la Jumatano Ijayo

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wangu — namwita Miwani, umri wa mjukuu wangu — kasema uvimbe wa pafu utachomwa. Si kwa kuni. Watanidunga chembe za dhahabu, ndogo hata sisimizi haoni kitu. Zikishakaa kwenye uvimbe, wanapitisha mrija wa taa kooni, wanazimulika, zinapata moto. Saratani ikiunguzwa hujifunika isife, kasema, kwa hiyo chembe zimebeba pia dawa ya jeni, ya kuinyang'anya blanketi. Hapo nikamwelewa. Ni majaribio, mimi namba saba. Nimesaini kwa sharti: nikifa, dhahabu ni ya binti yangu.
Hakucheka. Kaandika.

Alhamisi, 6 Machi
Jana sindano, leo taa. Koo kama nimemeza msumeno! Nimerudi nyumbani na kipima joto na fomu: asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Ikipita 38, nipige simu saa hiyohiyo. Manesi walikuwa wananong'ona kwamba namba nne alipata homa, katolewa. Katolewa wapi, hawakusema.

Ijumaa, 7 Machi
36.7. Jioni 36.7. Kidude kinalia kama kifaranga. Mzee mzima kujitekenya kwapa mara mbili kwa siku — upuuzi! Nimeijaza fomu yote mpaka siku ya mwisho. Nimechanganya 36.6 na 36.8, isionekane nimenakili. Nilifukuzwa darasa la tano kwa kunakili. Shule ilinifunza kitu.

Jumapili, 9 Machi
Natetemeka mpaka kitanda kinabisha hodi ukutani. 38.9. Fomu inasema 36.6, na mimi ni nani nibishane na fomu? Simu sipigi. Namba nne alipiga. Pafu la pili ninalo, nafasi ya pili ndiyo sina.

Jumatatu, 10 Machi
Binti yangu kaja na chai. Baba, mbona jasho? Nikamwambia dhahabu inayeyuka. Hakucheka — hawa watu wanaambukizana. Kaiona fomu mezani, imejaa, safi. Kumbe uko vizuri! Kaipiga picha, kamtumia Miwani kabla sijafumbua mdomo.
Haikupita dakika tano, simu. Binti kaweka spika.
"Shikamoo, babu."
"Marahaba."
"Jumatano ya wiki ijayo, jioni, una 36.8. Umejuaje?"
Nikaitika marahaba kwa mara ya pili.
"Pima sasa hivi, babu. Nasubiri."
Binti kanichomeka kidude kwapani mwenyewe. Angenigombeza ningejua pa kushika. Naandika kwa mkono mmoja, ndiyo maana mistari imelewa. Miwani anapumua ndani ya simu. Nimemuuliza: namba nne mlimpeleka wapi?
"Nisomee kwanza, babu."
Kifaranga kimelia.
Binti kanyoosha mkono. Nimebana kwapa: namba nne kwanza.