Vidonge vya Aneth

Mama, shikamoo. Nimeshuka mjini Same kumchukulia mke wangu vidonge vingine vya foliki, maana asubuhi umevitupa chooni ukisema vitamkuza mtoto hadi Aneth ashindwe kujifungua.

Mboga ya mnavu iko jikoni, nayo ina foliki. Tafadhali usitie magadi, wala usiichemshe hadi ilainike kama uji, foliki yake isipotee.

Foliki hainenepeshi mtoto, Mama. Inasaidia ubongo na mgongo wake uumbike vizuri, na kazi hiyo inafanyika sasa, mimba ikiwa changa.

Ulisema, "Wewe nilikuzaa kwa makande tu!" Kweli, ndiyo maana nina kichwa kigumu.

~~Ukivitupa tena, tunahama.~~ Hilo nimelikata.

Nikirudi, mpe wewe kidonge. Aneth anakuamini kuliko nesi, na kuliko mashairi yote ninayomwandikia.

Kitinda mimba wako,
Rodrick