Sura ya Mwisho Iko Chumba Namba Nne

Itigi,
14 Septemba 1997

Mwanangu Melkiori,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima huko Dar es Salaam? Sisi huku tunaendelea, ila goti langu la kushoto limeanza tena vituko vyake, na Anastasia wa jikoni anakohoa tangu mavuno. Jua kali, vumbi tele, mvua bado.

Kitabu ulichonitumia nimekipata kwa Naftali, jirani yetu anayefanya kazi relini. Ee baba, umenimaliza! Wageni wamekwama kwenye hoteli ya kisiwani, boti imekatika kamba na kwenda na maji, dhoruba haipoi, halafu asubuhi mmoja wao anakutwa amekufa mbele ya uji wake. Nilisoma pale mapokezi ya gesti mchana kutwa. Anastasia akaunguza maharage kwa kuja kila saa kuniuliza, "Mama, kafa nani tena?" Nilimshuku daktari, nikamshuku mpiga picha, nikamshuku hata marehemu.

Sasa sheria ya nyumba hii unaijua. Sura ya mwisho nimeichana na kuificha chini ya godoro, chumba namba nne, palepale nilipokuwa nakufichia sura za mwisho ulipokuwa mdogo, maana ulikuwa huna subira hata ya kuku. Kitabu kilichobaki anakuletea Naftali. Ukishamjua muuaji, njoo umtaje. Kwa barua sikubali. Muuaji hutajwa mezani, nikikuangalia usoni nijue kama unabahatisha.

Uliuliza habari za gesti. Gesti ni kimya, baba. Zamani treni ikichelewa watu walilala mpaka kwenye benchi la mapokezi. Siku hizi kila mwenye uwezo amenunua basi, abiria wamehamia huko, na wale wanaoshuka stesheni wanaishia kwenye gesti mpya zenye televisheni. Mimi natandika vitanda, kesho navikung'uta vumbi, natandika tena. Nadhani ndiyo maana napenda hadithi hizi. Wale watu wanaogopa, wanagombana, wanalia, lakini hakuna anayeweza kuondoka. Wanakula wote meza moja mpaka mambo yaishe.

Uje Krismasi. Kila mwaka unasema mwakani.

Mama yako,
Agripina


Dar es Salaam,
2 Novemba 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Lisugue kwa mafuta ya alizeti ya moto, usishike jembe kwanza. Anastasia mpe pole, mwambie asali ya Itigi ipo mlangoni kwake na yeye anakohoa, aibu gani hiyo! Mimi niko salama, joto tu na mbu.

Kitabu nimekimaliza nikiwa kwenye foleni ya maji, watu wakanipita nisijue. Muuaji nimemjua, mama. Ni daktari. Haya, cheka. Mtu gani anabeba mkoba wa dawa kwenda likizo?

Kiwandani hali ni ya mashaka. Tumepata mwenye mali mpya, na kila mara majina yanabandikwa ubaoni ya watu waliopunguzwa. Mimi usiniwazie, niko imara.

Krismasi nakuja kweli. Nitapanda treni ya tarehe ishirini Desemba. Yule jogoo mwekundu mwambie aanze kusali.

Mwanao,
Melkiori


Dar es Salaam,
28 Desemba 1997

Mama,

Shikamoo. Natumaini Krismasi mmeila kwa amani. Mimi naandika kwa uchungu. Nilipanda treni ya tarehe ishirini kama nilivyoahidi. Mvua hii mnaisikia wote. Tulipofika stesheni ya Gulwe, huku njiani, maji yalikuwa yamefunika reli, tukakaa mlemle behewani, watoto wanalia, chakula kimeisha, mwisho tukarudishwa Dar. Kitenge nilichokununulia kimelowa chote.

Ilikuwa kama kitabu chetu, mama! Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia, ananitazama tu. Nikasema akifa mtu humu, muuaji ndiye huyu. Ungekuwepo ungefurahi.

Tandiko la namba nne usilitoe. Nitakuja tu.

Mwanao,
Melkiori


Itigi,
29 Desemba 1997

Mwanangu Melkiori,

Tumsifu Yesu Kristo. Uko wapi? Unaumwa? Sijui hata naandika barua kwa mtu aliye wapi, lakini lazima nikusimulie, maana nisipokusimulia wewe nitamsimulia nani.

Treni ya tarehe ishirini ilifika hapa na mvua. Nilikuwa stesheni na mwavuli. Wakatangaza kwamba mbele, huko kuelekea Tabora, maji yamekula tuta la reli, treni haiendi popote. Watu wote washuke. Nikasimama natazama kila mlango. Nikasema labda amepitiwa na usingizi, mwanangu huyo hulala kama gogo. Nikamwomba kondakta, nikapanda, nikapita behewa kwa behewa naita jina lako. Watu wakanihurumia wakidhani nimepotelewa na mtoto mdogo.

Niliporudi, gesti imejaa! Yangu mimi! Mama mmoja wa Urambo na kuku wake kwenye tenga, mwalimu Filipo, sista wa misheni, na mwuza redio anaitwa Mughwai ambaye hanyamazi hata akitafuna. Mvua nje, njia hakuna, meza moja. Nikasema, Mungu wangu, kitabu kimenifuata nyumbani.

Sikupata hata nafasi ya kukumbuka goti. Anastasia anasonga ugali, mwalimu anapasua kuni, sista anachambua mlenda. Jioni nikawasimulia habari za kisiwani, kila mtu akataja muuaji wake. Mughwai alimtaja mjane wa kitabuni, mama wa kuku akamtukana, wakanuniana mpaka chai. Krismasi tuliimba humu humu, jogoo wako tukamla. Nisamehe, wageni walikuwa wengi.

Namba nne nilikataa kumpa mtu. Sista na mama wa Urambo walilala kitanda kimoja, na ufunguo nilikuwa nao shingoni. Walinishangaa. Nikawaambia kuna mtu wake, yuko njiani.

Juzi tuta likawa limetengenezwa. Filimbi ikapigwa asubuhi, wakakimbia na mizigo, chai wakaiacha kwenye vikombe. Hakuna aliyekufa, baba. Na sijafurahi hivyo tangu marehemu baba yako alipotutoka. Leo nimefua mashuka yote. Nyumba imerudi kimya, na safari hii nakisikia zaidi.

Niandikie haraka.

Mama yako,
Agripina


Itigi,
20 Januari 1998

Melkiori,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako ya Desemba imenifikia, na bila shaka yangu imekufikia. Zimepishana njiani, na laiti zisingepishana ungejua la kuandika.

Mwanangu, abiria wa treni uliyopanda wewe wamekula ugali wangu. Mashuka yao nimeyafua kwa mikono hii. Gulwe walipita salama, mvua ikiwa manyunyu tu. Na mzee mwenye kofia anayetazama watu yumo kwenye kitabu, sura ya tatu. Umesahau nani alikufundisha kusoma hivi vitu?

Nilicheka kwanza. Halafu nikakaa jikoni nikalia, Anastasia akadhani ni vitunguu.

Umeoa bila kuniambia? Umefungwa? Unaumwa ugonjwa wa kuficha? Sema lolote. Lolote nitalipokea, ila usinitungie hadithi. Hadithi ninazo.

Mama yako


Dar es Salaam,
10 Februari 1998

Mama,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii nikiwa nimeinamisha kichwa.

Sijaoa, sijafungwa, siumwi. Jina langu lilibandikwa ubaoni kabla hata sijakuandikia kwamba niko imara. Sasa nauza mitumba Manzese, nimetandika turubai chini, mashati ya watoto. Tarehe ishirini nilikwenda stesheni kweli, begi mkononi. Nikafikiri, Itigi nzima inajua Melkiori wa Mama Agripina ni mtu wa kiwandani. Nitashuka na nini? Treni ikaondoka mimi nimesimama. Nikarudi kwenye turubai langu, na Krismasi nilikula mkate peke yangu, huku najua kuna chumba kimefungwa kwa ajili yangu.

Pasaka nakuja, mama, hata mikono mitupu. Nisamehe.

Mwanao,
Melkiori


Itigi,
7 Juni 1998

Mwanangu Melkiori,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima, na mashati yanatoka. Goti langu limetulia, mtama tumeanza kuvuna. Anastasia amepona kikohozi, anakusalimu.

Barua yako ya Februari sikuijibu kwa kalamu, nilisema nitaijibu kwa kupika. Mikono mitupu! Mikono mitupu ndiyo tunayonawa tukala, baba. Ungekuja nayo hiyohiyo. Wiki yote ya Pasaka nilikwenda stesheni kila treni ilipoingia, mpaka Naftali akaanza kupita njia nyingine asikutane nami. Mei yote nikangoja barua. Nimechoka kungoja, na nakwambia wazi kwamba imeniuma.

Namba nne nimempa Jenipher, muuguzi mpya wa hospitali, amepanga kwa mwezi. Binti mpole, anasalimia. Tulipolitoa godoro tulianike, kurasa zako zilikuwepo. Nikakaa kwenye fremu ya kitanda nikazisoma tena.

Muuaji si daktari. Ni mwenye hoteli, yule mama mzee aliyekuwa anawapikia uji. Kamba ya boti haikukatika, aliikata yeye. Wageni wangeondoka asubuhi, naye alikuwa amechoka kubaki na vitanda vitupu. Yule wa kwanza kufa alimwona na kisu mkononi. Mimi nilijua tangu Septemba, na nilikuwa nataka nikuangalie usoni utakapolitaja jina hilo.

Haya, umeshajua mwisho. Huku hakuna tena kilichofichwa cha kufuata. Siku ukitaka kuja, njoo, kitanda hakikosekani. Usipotaka, kaa salama. Mimi kamba ya boti ya mtu sitaikata.

Ule vizuri.

Mama yako,
Agripina