Mvi Zako, Somo

Somo yangu,

Assalaam alaykum, ingawa leo salamu hii naitoa kwa kinyongo. Msiba umekwisha, watu wametawanyika, nami bado nimekukasirikia. Haifai kumkasirikia maiti, najua. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa.

Unakumbuka uliponifunza kupamba maharusi, hapo ukumbini kwako Mtambile? "Piko usin'tilie mwilini mwa mwana wa watu. Rangi ya nywele ile, yaunguza. Hina yatosha." Nikakutii. Wasichana waliotaka michoro myeusi niliwarudisha, wakaenda kwa wengine wakinicheka. Na wewe, umri wote ule, nywele nyeusi ti! Wanawake wakikuuliza siri, unawajibu, "Mafuta ya nazi na radhi za wazee." Ukishampamba bi harusi ulikuwa unamtazama kiooni, unamtazama, kisha unajitazama mwenyewe kwenye kioo kilekile. Nilidhani unaifurahia kazi yako.

Siku uliyovimba uso ni mimi niliyekupeleka hospitali. Daktari akauliza kama umepaka rangi yoyote kichwani. Nikaapa. "Wallahi daktari, huyu ndiye anayetukataza piko." Ulikuwa unasikia, Somo. Ulinitazama, ukafumba macho, ukaniacha niape. Alasiri ile pumzi zikakata.

Kisha nikakuosha. Nilifumua nywele zako ili nizisuke mikia mitatu, kama ulivyonifunza kuwasukia maiti, maji yakateremka meusi. Kwenye mizizi, mvi tupu. Na ngozi ya kichwa imejaa makovu, ya siku nyingi hayo, si ya juzi. Nikakufunika haraka. Nililia kwa hasira, wenzangu wakadhani ni majonzi.

Uliogopa nini? Ungezeeka tu, tungekupenda vilevile.

Mwosha hasimulii alichokiona, nami nimenyamaza. Lakini jana kaja mjukuu wako Salma, anayeolewa baada ya Idi. "Bibi akipaka nini? Nami nataka nywele kama zake." Nikamwambia mafuta ya nazi. Hospitali nilisema uongo bila kujua. Jana nimeusema na ninajua. Umenifanya mwongo, Somo, mimi niliyekupenda kuliko mama aliyenizaa. Na mtoto mwenyewe hakuridhika. Anasema kaona pakiti ya piko dukani, ataijaribu.

Kesho anarudi. Nitafunga mlango nimwambie kweli, yeye peke yake. Kwa wengine wote sitara yako nitaitunza mpaka nami nioshwe, hiyo ni ahadi. Kwa Salma siwezi. Kama ni kunigombeza, utanigombeza tukikutana kwa Mola, nami nitakuwa na langu la kukuuliza.

Buriani, Somo. Na zile mvi, wallahi, zilikupendeza.