Buti Ngumu

Harrow, Februari 1998

Shangazi Zuhura, shikamoo.

Achari ya ndimu imefika salama, haikumwagika hata tone.

Kaka Musab amenambia mmeuona ule mkanda wa video, niko Austria nateleza kwenye theluji kwa ubao. Akasema na akina Suhaib wamevunja posa yangu. Kiguru wangemvumilia, ati, lakini si kiguru wa suruali.

Basi wajue. Muuzaji wa vifaa vya theluji hapa Harrow alitaka kunipa buti laini, kwamba ndizo za wanaojifunza. Nikazikataa. Nilichukua ngumu, zinazobana mpaka juu ya kifundo, kwa sababu mguu wangu wa kushoto, unaujua, hauwezi kujishikilia. Buti ndiyo inayoushikilia. Miguu yote miwili nimeifunga kwenye ubao, na nikiulaza ubavu unakata theluji kama kisu, nami napinda ninapotaka.

Nikitembea, nyayo zangu zinanisema. Nikishuka mlima naacha mstari mmoja tu. Waambie waurudishe mkanda nyuma, wautazame tena, kisha wakuonyeshe mguu mbovu ni upi.

Mwanao, pamoja na suruali yake,
Najla