Maharage Ndani ya Maziwa

Shoga yangu Kemirembe,

Salamu sijui nikuanzie wapi. Mtu huulizwa hali, nawe hali yako naijua, nilikuwepo walipokufunga kwenye ngozi ya ng'ombe. Basi nakusalimu kama zamani nilivyokuwa nikiinama kwenye mlango wenu mfupi: shoga, umeamkaje? Naandika kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha marehemu baba. Hukuzijua ulipokuwa hai, lakini kama unayaweza haya unayoyafanya siku hizi humo nyumbani kwenu, kusoma hakutakushinda.

Binti yako Kagemulo ameposwa. Najua unajua, ila acha nikwambie kwa mpangilio, maana nina mengi. Mchumba ni mtoto wa mtu mwenye ng'ombe wengi upande wa Kyerwa, na wifi yako akaapa kwamba binti wa kaka yake hatatoka hapa mifupa inaonekana, atanenepeshwa kwa maziwa kama ulivyonenepeshwa wewe. Mvua zilipokatika wakamlaza kwenye kitanda chako, chumba kile kile. Wifi yako akakaa miguuni pake na fito, chombo cha maziwa mkononi, kunywa mwanangu, kunywa, mpaka kiishe, kisha kingine. Nilikwenda nikasema niliyoyasema, unaujua mdomo wangu. Nikaambiwa mimi ni mtu wa pwani, ninauza chumvi na kaniki, mambo ya maziwa siyajui.

Siyajui! Miaka yote ile niliyokaa na wewe chumbani humo, nani alikupaka samli na majivu kwenye vidonda vya chini ya matiti, pale nyama ilipolaliana na hewa isifike? Nilijua hata upande unaolalia ukikaribia kulia.

Nakumbuka siku uliyoniambia neno lile. Nilikuwa nimekuletea shanga uchague, nikazimwaga kwenye kanga mbele yako, nikakusifia uzuri kama wafanyabiashara tunavyosifu. Hukuzitazama. Ulisema, "Zuhura, waitu, ndugu yangu, mimi nataka kusimama." Nikadhani unataka kujisaidia, nikageuka kuita watu. Ukanishika nguo. Ndipo ukanisimulia habari ya ile sotoka iliyoua ng'ombe nchi nzima, jinsi wake wa wakubwa wengine walivyokonda kwa njaa na wengine kufa, na mumeo kwa kuogopa aibu akakupa wewe maziwa yote ya ng'ombe wachache waliobaki, ukazidi kunenepa nyumba ikizidi kufukarika. Watu wote wakaenda kutafuta chakula. Kagemulo alikuwa anatambaa. Akatambaa mpaka jikoni, ukamsikia ameshika moto, ukamsikia analia, na wewe umelala hatua chache kutoka kwake huwezi kuinuka. Ulilala ukimsikiliza mpaka wakarudi. Mkono wake wa kushoto mpaka leo vidole viwili havinyooki.

Tangu siku hiyo ulitaka kupungua. Si uzuri ulioutaka, wala ujana. Ulitaka kufika jikoni.

Na kupungua, shoga, tulikiona cha moto. Tulianza na Ramadhani yangu. Nilikwambia sisi tukifunga tunakonda, ukaniangalia tumbo langu la futari ukacheka mpaka kitanda kikalia. Ukafunga hivyo hivyo, hukuwa Mwislamu wala nini, ukimwambia wifi yako tumbo linauma mchana. Jioni alikuletea yote ya mchana kwa pamoja. Mwezi ulipoandama sisi wawili tulikuwa tumeongezeka. Safari nyingine uliacha mtindi, ukashikwa na hamu ya asali, ukaniomba asali kama mtoto, nikakukatalia, ukaninunia, kesho yake nikakuta umeletewa mzinga mzima. Mara unapungua shavu, mara linarudi. Kuna siku ulilia ukasema mwili huu si wako, ni wa mumeo na ng'ombe wake, wewe umewekwa ndani yake tu.

Maharage yalikuja kwa bahati. Siku ile nilikuwa nimebeba chakula changu, maharage ya kuchemsha na chumvi, nikakukaribisha kama ada inavyotaka, nawe kwa njaa ya kujinyima ukachota, ukala. Wifi yako akaingia. Uso wake ulibadilika, akarudi nyuma na maziwa yake kama aliyeona nyoka. Kwenu, aliyekula maharage hagusi maziwa siku hiyo, ng'ombe asije akakauka chuchu. Mimi sikujua, niliomba radhi mpaka nikapiga magoti. Akatoka. Ukanitazama, nikakutazama, ukasema polepole, "Kesho uje nayo tena."

Kila siku ukala maharage mbele ya macho yao. Hakuna aliyethubutu kukupa maziwa. Walikutukana, wakakuita mlimaji, kama si mtu wa ng'ombe, wakasema nimekuloga. Tulikupima kwa uzi wa shanga mkononi, na kila mwezi ulipoandama tulitoa shanga tukaufunga upya. Ngozi ilining'inia, ulichukia kuitazama. Magoti yaliuma. Mumeo akaja mwenyewe dukani, mtu mzima yule, akakaa juu ya gunia la chumvi, akaniambia bila hasira, "Watasema ng'ombe wangu hawajarudi tangu sotoka." Nilimwonea huruma, lakini sikuacha kukuletea.

Halafu ukasimama. Ukafika mlangoni, ukafika jikoni, ukakaa mbele ya jiwe la meko ukalishikashika. Masika yale ukavuka kibanja chote mpaka ukingo wa migomba, na homa ikakukamata. Wakasema ni maharage. Sikubali mpaka leo, homa ile iliua watu wengi ambao maharage walikula tangu kuzaliwa.

Siku ya kukuzika walikuja wanaume wenye nguvu, wamejiandaa, maana ukubwa wako walikuwa wakiusikia. Wakakuinua, na machela ikaja juu kwa wepesi hata wa mbele akayumba. Walisimama. Wakaishusha wakafungua ngozi kuangalia kama umo. Ulikuwemo. Wakafunga tena, na njia nzima hapana aliyeimba.

Sasa nisikilize, maana nimefika kwenye jambo lenyewe.

Kagemulo alipokuwa amelala siku chache tu, wifi yako akafunua chombo cha maziwa akaona punje ya haragwe imezama chini. Akampiga mjakazi. Kesho yake punje nyingine. Wakabadilisha chombo, wakakifukiza upya kwa nyasi, wakamweka mkamaji mwingine, mzee asiyekula kitu ila maziwa. Punje. Kwa sheria yenu maziwa yale hayanyweki, wakawa wanawapa mbwa. Na zile nyasi zinazotandikwa sakafuni, kila asubuhi zilikutwa zimelala kwa kukanyagwa, njia pana kutoka kitandani hadi jikoni na kurudi, nyayo kubwa za mtu mzito anayeburuza mguu wa kulia. Wewe uliuburuza wa kulia.

Nilisema ni ujanja wa Kagemulo. Nikaenda mwenyewe, mchana kweupe, baada ya sala ya alasiri. Ng'ombe akakamwa mbele yangu. Nikachungulia chombo, kitupu, safi, nikakiona kikijaa, nikakifunika kwa mikono yangu na kukipakata. Nilikaa nacho nikisoma Yasini. Sikusikia mtu, ila kitanda kililia mara moja, ule mlio wa mtu anayeteremka, na Kagemulo alikuwa amelala hajajitikisa. Nikafunua. Haragwe lilikuwepo. Nikalitoa kwa vidole na lilikuwa la moto, limetoka kuchemshwa wakati huo huo. Shoga, nilikupenda, na nilikuogopa. Nilikimbia nikaacha kiatu.

Wifi yako hakushindwa. Alisema marehemu ana mguu mbaya, mto wa njiani hawezi kuuvuka, atamhamishia binti kwa wakwe huko Kyerwa akalishwe huko. Na Kagemulo, pamoja na maharage yako, alikuwa ameshanenepa. Waliongeza uji wa mtama kwa asali, waliongeza kila kitu. Alikuwa ameanza kuhitaji mtu wa kumshika ili akae. Nikaona anakwenda kulala kule ulikolala wewe, na akizaa atamsikiliza mtoto wake akilia. Nikamwendea mumeo. Nilimwambia yote, hata la sotoka na jikoni, ambalo hukuwahi kumwambia. Hakulijua. Aliambiwa tu mtoto aliungua.

Aliinuka akaja nami chumbani, na wifi yako nyuma yetu. Maziwa yakaletwa. Baba mtu akafunua yeye, punje ikawemo. Akauliza, hakumtazama yeyote kati yetu, "Kemirembe, unataka nini kwa mtoto?" Nyasi zikalia jikoni. Tukageuka sote kule. Tulipogeuka tena Kagemulo alikuwa ameingiza ule mkono wake ulioungua ndani ya chombo, amelitoa haragwe, amelitia kinywani. Akalitafuna mbele ya baba yake. Alilimeza, akafungua kinywa ili tuone.

Mumeo alichukua chombo akampa wifi yako. Akasema, "Toa nje. Leo hanywi." Kisha akasema hata kesho. Wakwe wakimtaka watamchukua anavyotembea, wasipomtaka warudi kwao. Aliposema hivyo akatoka.

Tangu siku hiyo hakuna punje tena. Nilidhani umekwenda. Nikasoma dua, nikapika wali, nikagawa. Lakini hukwenda, na ndiyo maana nakuandikia.

Kagemulo anajifunza kutembea. Ana jasho, ana magoti kama yako, analia akipanda kizingiti. Na anatembea bila mtu, wote wanaona. Ila mwenyewe aliniambia sivyo. Alisema, "Mama Zuhura, mama ananishika kwapani." Akanionyesha mkono karibu na kwapa, na pale, kwenye nyama, zilikuwepo alama za vidole vimebonyea, na vikawa vinabonyea mbele yangu nikitazama. Wifi yako aliona pia. Ameacha kusema sana.

Mwanzo Kagemulo alifurahi, alilala vizuri. Sasa hakuogopi wewe, anakuogopea. Anasema mwanzo mkono wako ulikuwa mnene na wa joto, ukizunguka bega lote. Kila siku ukawa mdogo. Sasa anahisi mifupa tu, na jana alihisi kama uzi. Nyayo kwenye nyasi nimeziangalia mwenyewe: zilikuwa pana, zikawa za mwanamke wa kawaida, sasa ni ncha za vidole vya miguu, na nyasi zinainuka zenyewe nikiwa bado natazama. Kila anavyosimama yeye, wewe unapungua. Alinishika nguo, kama ulivyonishika siku ile, akaniuliza ukiisha utakuwa wapi.

Nililia nikamwambia aende akalale.

Kesho anakuja hapa Kiruruma kwangu kwa miguu. Atavuka kibanja, atashuka ule mteremko wa mawe, atapanda mpaka dukani. Hajawahi kufika mbali hivyo tangu walipomlaza. Amekataa mjakazi, amekataa fimbo. Baba yake amesema atakuwa na kazi ng'ombeni asije akaona, maskini, ataangalia kutoka mlimani, namjua. Nami nimeahidi nitasimama mlangoni pangu, nikimwona anayumba sitamkimbilia. Akianguka nitamngoja ainuke. Nakuahidi na wewe vilevile: hatanywa kwa fito tena maadamu nipo hai, na akiolewa nitakwenda naye huko huko Kyerwa nikamwambie mkwe wake ana kwa ana.

Umetaka kusimama, ukasimama. Umetaka kupungua, basi imetosha, usipungue zaidi, ubakie kidogo chako kwa ajili yako. Mimi na wewe tutaonana Mungu akipenda, nawe nikukute angalau una mkono wa kunipa.

Kwaheri, Kemirembe. Kesho akifika pale kwenye mawe ataogopa, na atakunyooshea kwapa. Nakusihi, shoga yangu, mwachie asimame mwenyewe.

Mimi,
Zuhura