Mama, Shamba Lako Sikulichoma

Mama mpendwa,

Atakayekusomea aanze na hili: minye, binti yako, ni mzima, na shamba lako la Kiringye halikuchomwa. Usilie kwanza.

Tangu ulipovuka mto Ruzizi na mwanangu mgongoni kukimbilia Burundi, nimebaki peke yangu na hofu. Gari likinguruma barabarani tu, naacha jembe nasikiliza. Milimani kuna waasi, barabarani kuna basoda, askari wa serikali, na sisi wenye majembe tuko katikati.

Unakumbuka enzi za Wabelgiji, moniteri, msimamizi wao wa kilimo, alivyotulazimisha kupanda pamba tupu, mistari imenyooka, mpaka udongo ukachoka na kupasuka? Uhuru ulipofika watu walicheza ngoma, weye ukachukua jembe ukang'oa pamba. Ukapanda migomba, muhogo na maharagi, vyote pamoja. Jirani walicheka wee: "Huyu mama analima pori!" Hukuwajali. Ulibeba mavi ya mbuzi kichwani, na kila ulichokikata ulikilaza chini kifunike udongo. Siku niliyotaka kuchoma takataka ulininyang'anya moto. "We mutoto, unachoma chakula ya udongo?" Nilinuna siku nzima, maana mavi yale nilibeba na mimi, wasichana wenzangu wakiziba pua nikipita. Lakini mvua ilipokosekana, ukifunua majani kwetu udongo ulikuwa bado na maji, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, haikuisha chunguni. Waliocheka walikuja kuomba.

Sasa sikia. Wiki iliyopita basoda walitukusanya. Mkubwa wao akasema waasi wanajificha katika mashamba, basi yote ya kando ya barabara yachomwe. Akisimama barabarani anataka kuuona mto. Asiyechoma naye ni mwasi.

Jirani walichoma siku ileile. Mama, mimi nilishindwa. Nilishika kibiriti, nikakiweka chini. Moto ule ungekula majani yote uliyoyalaza miaka yote hii, na mwanangu akirudi angekula nini? Nikachukua panga. Nilikata migomba, nikakata miti ya muhogo, mizizi nikaiacha ardhini, na vyote nikavilaza chini kama ulivyonifundisha, mpaka mto ukaonekana. Nilikata huku nalia kwa sauti.

Walirudi kukagua. Mkubwa wao akasimama juu ya majani.

"Weye, mbona haukuchoma?"

Nikanyoosha kidole. "Shefu, mutoni iko pale. Si unaiona?"

Akautazama mto, akanitazama mimi. "Pori hii ikiota tena, tutakuchoma weye pamoja nayo."

Wakaondoka. Nilikaa palepale chini.

Kwa jirani mvua ya kwanza imesomba majivu na udongo wa juu, vyote vimeishia mtoni, wamebaki na ardhi ngumu ambayo jembe linaruka juu yake. Nawaonea huruma, na wao wananiangalia kama mtu aliyekwisha kufa. Kwako majani yameushika udongo. Maharagi yamechomoza katikati yake, mazito, ya kijani, ungeyaona ungepiga vigelegele. Hayo ni mafupi, hayauzibi mto, hayanipi shida. Muhogo nao naudhibiti. Shida yangu ni migomba. Mama, inapanda! Nakata jioni, asubuhi imeshatoa ulimi mwingine wa jani. Udongo uliolishwa vile haujui kama kuna vita. Nikisikia gari nakimbia na panga kuangalia imefika wapi, kama bado iko chini ya goti. Jana niliipiga kwa hasira, nikaitukana, halafu nikaona aibu.

Usirudi sasa, nakusihi. Mtunze mwanangu, umwambie mama yake anamlindia chakula chake. Tangu utotoni ulinifundisha kumwomba Mungu shamba listawi. Huko uliko, omba pamoja nami listawi polepole.

Ni minye, binti yako uliyemwachia jembe.