Kumi na Tatu Nayo Ina Jozi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na saita ya kwetu pia, nisije nikaambiwa nimeshakuwa Mmakonde. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Ganako? Mbaazi zimechanua? Sisi huku Newala tu wazima, mimi na mkweo Bura, ila maji ya shida na hamu ya nyumbani.

Asubuhi ukungu hupanda kutoka bondeni, kama ule unaotushukia kutoka msitu wa Ngorongoro. Kabla sijafumbua macho vizuri nasikia ndoo yako bombani, nakusikia ukiwaita kuku. Kisha jirani anamgombeza mbuzi wake kwa Kimakonde, ndipo najua niko wapi.

Mama, uliniuliza kwenye simu umjibu nini mama yake Bura, aliyekuja kukuambia mwanawe aje nyumbani Krismasi peke yake, "apumzike kidogo." Nilikata simu bila jibu. Miaka yote hii ya ndoa bila mtoto, najua pumziko hilo lina jina la msichana. Niliogopa, Mama. Hata Bura sikumwambia.

Juzi nilikuwa nafundisha darasa la tano jozi za vigawo. Huku hatuhesabu kwa visoda, tunahesabu kwa korosho. Nikawapa kumi na mbili wazipange sakafuni, mistari iwe sawasawa. Wakapata mbili kwa sita, wakapata tatu kwa nne, wakafurahi kama waliopanda shamba. Nikawaongezea moja. Wakapanga, wakapangua, kila mara inabaki moja pembeni. Mwisho wakanyoosha mstari mmoja mrefu mpaka mlangoni.

"Hiyo inaitwa namba tasa," nikasema.

"Mwalimu, tasa si mama asiyezaa?" akauliza Somoe, binti anayekaa mbele.

Wenzake wakainamia korosho zao, maana wanajua sina mtoto. Somoe akaendelea kuutazama ule mstari.

"Ila ina jozi, mwalimu. Moja na kumi na tatu. Ni hiyo tu, lakini inayo."

Nikageukia ubao, nikafuta mahali pasipo na maandishi.

Jioni nikamweleza Bura yote, ya Somoe na ya mama yake. Alikuwa anakaanga korosho, akaepua kikaango. Kisha akaweka mbili mbele yangu.

"Na mbili je?"

"Tasa," nikasema. "Moja mara mbili, basi."

"Ndiyo sisi hao," akasema, akala yake. Nikalia, Mama, na korosho mdomoni.

Nisalimie bibi, mwambie Kiiraqw hakijanitoka. Kaka Safari, huyo dereva wa watalii, asituache stendi ya Karatu tukipigwa na upepo. Na mama yake Bura msalimie kwa heshima zote, umwambie tunakuja wawili. Kitanda atandike kimoja.

Mwanao anayekupenda,
Paskalina